SOMO LETU: MAWAZO MENGI NA UBONGO



Mara nyingi tunaona mwenzetu hafiki mkutanoni. Akija, amesahau mchango, ama anakaa kimya tu. Sisi twasema, "Huyu siku hizi amekuwa mvivu." Pengine si uvivu. Pengine ni mawazo: karo, mgonjwa nyumbani, mahindi yaliyokauka shambani. Hebu tuone mawazo hayo hufanya nini kichwani.

Seli za ubongo hupelekeana habari kwa njia nyingi. Njia moja ni hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Hewa hii haihitaji mlango. Hupenya ukuta wa seli, hufikisha habari kwa jirani, na baada ya sekunde chache imekwisha. Pia hupanua mishipa ya damu. Mwaka 1998 Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi yake katika moyo na mishipa.

Hewa hii ni kama chumvi kwenye mboga. Ikiwa kiasi, hutusaidia kujifunza na kukumbuka. Ikizidi, huharibu. Wataalamu waliwatesa panya kidogo kidogo kwa siku nyingi. Katika sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, kile kinachotengeneza hewa hii kiliongezeka, na panya wakaonyesha dalili za kukata tamaa. Panya waliozuiwa kuitengeneza hawakukata tamaa vile. Hewa ikizidi huweza kugeuka sumu inayochoma seli.

Tukumbuke, hao ni panya. Ubongo wa mtu una mambo mengi zaidi, na hakuna dawa ya kuzuia hewa hii ya kununua dukani kwa ajili ya mawazo. Lakini tunajifunza jambo moja: taabu ya muda mrefu hugusa mwili wenyewe. Kumwambia mtu "jikaze tu" hakutoshi.

Basi tufanyeje? Tumtembelee. Tumsikilize bila kumhukumu. Tumpunguzie mzigo, hata kwa siku moja ya kumlimia. Akikosa usingizi ama hamu ya chakula kwa wiki mbili, tumsindikize kwa kituo cha afya. Akisema amechoka kuishi, tusingoje hata kesho.

Maswali ya kujadili:
1. Ni nani kati yetu amenyamaza siku hizi?
2. Sheria zetu za faini zinamsaidia, ama zinamwongezea mzigo?