Zaka na Matunda Yake



Ndugu mmoja mkaazi wa Likoni ametuletea suali hili: "Mtaani petu twakusanya zaka kila Ramadhani, tukaigawa kwa bahasha nyumba kwa nyumba. Mwaka wa pili tukirudi, twawakuta watu ni wale wale na shida ni zile zile. Baadhi yetu wasema wapewe watu wachache kitu cha kuwatosha, na kamati ifuatilie ione kimezaa nini. Wengine wasema kumhesabia fakiri haki yake ni kumdhulumu. Upi mwendo wa sawa?"

Jawabu: Kila upande umeshika kipande cha haki. Lakini kwanza na tujue zaka imewekwa kwa ajili gani.

Mwenyezi Mungu amewataja wenye kuistahiki katika Suratut-Tawba, aya ya 60, nao ni mafungu manane, na wa mbele ni mafakiri na maskini. Wanazuoni wa madhihabi yetu ya Shafii wamewapambanua hawa wawili kwa hesabu: fakiri ni kama mtu ahitajiye kumi akapata mbili au tatu, na maskini ni ahitajiye kumi akapata saba au nane. Tazameni, basi, kwamba tangu mwanzo wa mlango huu fikihi yataka tujue mtu apungukiwa na kiasi gani. Bahasha moja ya namna moja kwa watu wote haikujua lolote katika hayo.

Na apewe kiasi gani? Imamu Nawawi (aliyekufa mwaka 676 wa Hijra) ameeleza katika al-Majmuu kwamba apewe cha kumtoa katika uhitaji na kumtia katika utoshelevu. Mwenye kazi ya mkono apewe thamani ya vyombo vya kazi yake, hata vikiwa vya bei kubwa; mfanya biashara apewe rasilimali ya kadiri ya biashara yake. Akapiga mfano: muuza mboga yamtosha dirhamu tano au kumi, na muuza vito huenda asitoshelezwe ila kwa elfu kumi. Ama asiyeweza kazi wala biashara, kwa kauli iliyo na nguvu apewe kifu yake ya umri, kama kununuliwa milki ambayo kodi yake itamkimu. Wengine, na miongoni mwao ni Imamu Ghazali, wamesema kifu ya mwaka mmoja. Hatukuona katika hao aliyesema kifu ya siku mbili.

Na tupige hesabu. Tuseme mtaa umekusanya shilingi 200,000, na majina yaliyoandikwa ni 400. Kila nyumba itapata shilingi 500: unga, sukari, na mafuta ya taa kidogo, kisha kwisha. Ilhali katika mtaa huo huo yuko mvuvi ambaye kila arudipo pwani fungu kubwa la samaki wake huchukuliwa na mwenye nyavu. Yuko mama ashonaye kwa cherehani ya kukodi. Na yuko kijana wa Changamwe ajuaye kuunga vyuma lakini hana mashine. Hawa watatu mwakani watakuwa tena katika daftari, si kwa uvivu, bali kwa sababu tuliwapa chakula na walichokosa ni chombo.

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwa Anas (R.A.) kisa cha Mwansari aliyekuja kuomba. Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama hana kitu nyumbani. Akasema ana nguo nzito, sehemu wajifunika na sehemu wailalia, na kikombe cha kunywea maji. Mtume akavinadi, vikanunuliwa kwa dirhamu mbili. Akamwambia moja anunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka amletee. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwamuru akate kuni auze, na asimwone siku kumi na tano. Akarudi ana dirhamu kumi. Wako wanazuoni waliotia ila katika isnadi yake, lakini watu wa elimu hawakuacha kukitaja. Nasi twatazama mambo ambayo msomaji wa haraka huyapita: chakula hakikusahauliwa, maana mwenye njaa hawezi kukata kuni, na muda uliwekwa, kisha habari ya mtu ikajulikana.

Ama wale waliochelea dhuluma, nao wana hoja nzito. Zaka kwa madhihabi yetu ni kumilikisha: ikishafika mkononi mwa fakiri ni mali yake, kama mali nyingine yoyote. Kamati haiwezi kumpa kwa sharti la kurudisha, wala kumnyang'anya cherehani kwa kuwa hakushona, wala kumfanya asimame apigwe picha na bahasha kifuani. Hesabu ya matunda na iulizwe kamati, si fakiri. Wao ndio waulizwe: mlimjua kazi yake kabla ya kumpa? Mlimtembelea baada ya miezi mitatu, kama jirani amwendeaye jirani? Na yule bibi kizee wa Kisauni asiye na mtu, msimwulize faida. Kwamba amekula na kulala bila deni dukani, hilo ndilo tunda lenyewe.

Mwenye kutaka kuweka masharti, uwanja wake ni sadaka na wakfu. Chuo cha Kiislamu cha ufundi kilichofunguliwa Mombasa mwaka 1951 kilijengwa kwa michango ya Sultani wa Unguja, Aga Khan na jamii ya Mabohora, na wachangaji walijua watakacho: vijana wa Kiislamu watoke na ufundi mikononi. Tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, wala si cha Waislamu peke yao. Hiyo ni sadaka ambayo mtu aweza kuiendea akaiona. Na pembeni yake tukumbuke senti za Ijumaa, fakiri azungukapo duka kwa duka hadi adhana, na kila mwenye duka adhani ametimiza.

Tena kamati ijijue. Amili wa zaka ni yule aliyewekwa na Imamu. Kamati ya mtaa ni wakili wa watoaji. Kwa hiyo haina fungu la kujilipa katika zaka, na nauli ya kutembelea watu na itoke katika sadaka au mifukoni mwao. Wala haifai kuizuia zaka mwaka mzima kwa kungoja mpango mzuri zaidi, kwani kuitoa ni wajibu wa papo hapo. Uchunguzi na ufanywe Rajabu na Shaabani.

Limebaki suali alilolidokeza ndugu yetu mwishoni: ikiwa mtu alipewa cherehani, akaiuza akalipia hospitali, je, zaka ya mtoaji imesihi? Imesihi, maadamu mpewaji alikuwa mstahiki. Bali kamati na iandike katika daftari lake kwamba nyumba ile ilikuwa na mgonjwa, nayo haikuuliza.

Darasa lijalo, inshaallah, ni fungu la wenye madeni.