Somo la Chekechea: Nyanya Alicheza Wapi Ufuoni?

Likizo ikifika, familia nyingi za Mombasa huwapeleka watoto Mama Ngina, au kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ule ambao wengi tunauita Pirates. Mtoto hupandishwa ngamia, hukodishiwa tyubu ya kuelea, hula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kisha hurudi nyumbani na mchanga hadi masikioni. Matembezi hayo hayo yanaweza kuwa somo lake la kwanza la historia, tena bila kitabu.

Walimu wa PP1 na PP2 wanaujua ugumu wake. Mtoto wa miaka 4 au 5 ukimtajia mwaka 1975 humwambii kitu. Kwake, jana na mwaka jana ni mamoja. Anachokielewa ni watu. Anza na maneno "nyanya alipokuwa mdogo kama wewe" na utaona anavyotega sikio. Kwa hivyo tumia vizazi vitatu: nyanya au babu, mzazi, na mtoto mwenyewe. Kila mmoja aulizwe maswali yale yale: Ulicheza wapi? Ulicheza nini? Ulipita njia gani kufika? Nani alikuwa akikuangalia?

Mara nyingi wazee watataja mashua za vifuu zenye tanga la jani, tiara, mpira wa matambara na kuogelea maji yakijaa. Hakukuwa na bembea wala tyubu ya kukodi. Ufuo wenyewe ndio uliokuwa uwanja. Msiishie kusimulia tu. Tafuta kifuu, mtengenezee mtoto mashua, aipeleke majini, kisha aiweke kando ya kidude chake cha plastiki na aseme kipi kitaoza kikiachwa mchangani. Hapo mzazi naye ana lake la kueleza. Yeye alikwenda pwani na mifuko ya plastiki, lakini mtoto aliye chekechea leo amezaliwa baada ya mifuko hiyo kupigwa marufuku nchini Agosti 2017. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja, kama vile chupa za maji na mirija, haziruhusiwi katika fuo na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Kwa mtoto, hayo ni mabadiliko anayoweza kuyashika kwa mkono.

Mama Ngina ni darasa zuri zaidi. Kabla ya ukarabati wa 2019, watu waliegesha magari kando ya barabara, wakaketi ukutani au chini ya mibuyu, wakanywa madafu huku meli zikipita kuelekea bandari ya Kilindini. Kisha pakajengwa njia pana za kutembea, vibanda vya wachuuzi na ukumbi wa wazi, na sherehe za kitaifa za Mashujaa za Oktoba 20, 2019 zikafanyika hapo. Picha yoyote ya familia iliyopigwa pale kabla ya mwaka huo inafaa. Simameni mahali pale pale, mtoto aonyeshe kilichoongezeka, kilichoondoka na kilichobaki. Mibuyu imebaki. Waache watoto washikane mikono wauzunguke mmoja, wahesabu ni wangapi wametosha. (Pale si mahali pa kuogelea: kuna majabali na mkondo wa maji ni wa kina.)

Swali la tatu, la njia, ndilo tungeomba lisirukwe. Wazee wengi walifika baharini kwa vijia vilivyopita mashambani. Leo baadhi ya vijia hivyo vimebanwa kati ya kuta za hoteli na viwanja vya watu, na vingine vinaishia kwenye geti. Mtoto asiyejua kwamba palikuwa na njia hatauliza ilikokwenda. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Jedwali la Nne nalo limezikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na bustani, fuo na sehemu za burudani za kaunti. Mzee akitaja njia ya zamani, liandike jina lake na mtembee mkaione. Mkikuta njia ya umma imezibwa, toeni taarifa kwa afisi ya msimamizi wa wadi yenu.

Nendeni maji yakipwa, na muulize mvuvi saa ya kujaa kabla ya kushuka. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda kwa zaidi ya mita 3 na huwahi kufika kuliko mgeni anavyodhani. Watoto wasiachwe peke yao hata kwa dakika moja. Mkirudi, mpe mtoto karatasi aikunje katikati, upande mmoja achore ufuo wa nyanya, upande wa pili wa kwake, kisha ampelekee nyanya akague.