SOMO LA KIKUNDI: SIMU NA FIGO ZETU



Tukitembelea vikundi huwa tunaulizwa: mbona mtu alikuwa mzima, analima shamba lake, halafu ghafla anaambiwa figo zimekwisha? Jibu ni kwamba si ghafla. Figo huharibika polepole, bila uchungu. Presha na ugonjwa wa sukari ndizo sababu kubwa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa ovyo, huzidisha madhara. Miguu ikianza kuvimba, mara nyingi tumeshachelewa. Hapo ni kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, na nauli peke yake yaweza kumaliza ng'ombe nyumbani.

Simu yasaidia vipi?

Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya ilianza kuwapa wahudumu wa afya wa jamii, kama 100,000 nchini kote, mifuko ya kazi yenye mashine za kupima presha na sukari. Walipewa pia simu za kuandikia habari za nyumba wanazotembelea. Kwa hivyo aliyepimwa hasahauliki kama zamani, daftari likiloa mvua.

Lakini jamani, simu haitibu! Namba ikibaki ndani ya simu na mtu asiende kliniki, ni kama mbegu iliyosahauliwa guniani.

Kikundi kifanye nini?

1. Mwalikeni mhudumu awapime wote. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, mtu apimwe tena siku nyingine, asinyamaze.

2. Mwenye presha au sukari aulize kliniki kuhusu kupimwa mkojo kama una protini, na damu kipimo cha kreatinini, kila mwaka. Daktari akitia namba ya kreatinini, umri na jinsia ya mtu katika programu ya simu, huona figo zinafanya kazi kiasi gani.

3. Katibu atume SMS siku moja kabla ya kliniki. Asiye na simu apelekewe habari na jirani.

4. Matokeo ya mtu yasitumwe katika WhatsApp ya kikundi. Siri ya mgonjwa ni yake.

Maswali ya kujadiliana

- Ni wangapi kati yetu hawajapimwa presha mwaka huu? Kwa nini?
- Mwenzetu akikosa nauli ya kliniki, mfuko wa kikundi utamsaidiaje?

Andikeni mliyokubaliana, na mkutano ujao muulizane: nani amefanya?