Baka la Zambarau Kinywani Lisifichwe



Kinywa ni mlango wa chakula, wa sala na wa Komunyo Takatifu. Hata hivyo wengi hawamfungulii tabibu mlango huo mpaka waumwe. Leo twaeleza ugonjwa usiouma mwanzoni: sarkoma ya Kaposi.

Saratani nyingi za kinywa huanzia katika utando wa juu. Hii hutokea chini yake, katika nyama laini, kwenye kuta za mishipa midogo. Jina lake latokana na tabibu Moritz Kaposi wa Vienna, aliyeieleza mwaka 1872. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuijadili. Na mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore, huko New York, walivumbua kirusi chake. Kirusi hicho hupata nguvu kinga ya mwili inapodhoofika.

Tazameni kaakaa kwanza, kisha ufizi. Huonekana baka bapa, jekundu au la zambarau. Baadaye huvimba, hutoka damu, hufanya kidonda, na meno huweza kulegea.

Lakini jicho peke yake hudanganyika. Mama mjamzito huweza kuota kinundu chekundu ufizini kisicho saratani. Kwa hiyo tabibu hutia ganzi, hukata kinyama kidogo, nacho hupimwa kwa hadubini. Wako wasemao kwamba saratani ikiguswa na chuma huenea. Maneno hayo huwachelewesha wagonjwa bure: pasipo kipimo hicho tabibu hajui anapigana na adui gani.

Ugonjwa ukijulikana, tiba iko. Mwenye VVU hupewa dawa za kufubaza virusi, na mabaka machache huweza kunywea kwa hizo tu. Ulioenea hutaka pia dawa za saratani za kutiwa mshipani. Baka kubwa huweza kutibiwa kwa mionzi, ingawa kinywa huchubuka kwa muda.

Kikwazo kikubwa ni aibu. Mtu huficha baka akiogopa kuulizwa habari za VVU. Jueni basi kwamba ugonjwa huu ulikuwako Afrika kabla UKIMWI haujajulikana, na hata leo huwapata wasio na VVU. Naye aliye na VVU ni ndugu yetu, si mshtakiwa. Amsengenyaye mgonjwa humfungia mlango wa hospitali.

Pengine padre huitwa kabla ya tabibu. Tuiteni, twaja kwa moyo, kwa maana Mpako wa Wagonjwa ni nguvu ya mgonjwa. Lakini Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu pia, kwa kuwa ujuzi wake ni kipaji cha Mungu. Basi leo jioni, kabla ya Rozari ya nyumbani, washeni taa mtazamane vinywa. Alama isiyopona kwa wiki 2 ipelekwe hospitali, wala msingoje maumivu.