Kitambaa cha Shela kwa Harusi ya Igamba

Mashela yanayopendwa kwenye simu mengi yalipigwa picha ukumbini, juu ya zulia. Harusi ya Igamba wakati wa kiangazi hutoka kanisani ikakutana na upepo na vumbi la Mbozi. Chagua kitambaa ukiwa unayafikiria hayo.

Hatua ya 1: Rangi. Nenda dukani na kipande cha kitambaa cha gauni. Kama gauni ni la kukodi, nenda nalo lenyewe. Kuna nyeupe pee na nyeupe ya maziwa, na taa ya dukani huzifanya zifanane. Toka nazo nje, uzilinganishe juani.

Hatua ya 2: Aina. Mimi nasema neti laini isiyong'aa. Neti ngumu, ile ya kupambia kumbi, husimama kichwani kama mwavuli. Finya kona ya neti kiganjani, kisha uachie: nzuri hujinyoosha na kuanguka chini yenyewe. Organza hushika umbo vizuri. Shifoni ni nzito kuliko neti laini, na ukimfunika nayo bibi harusi usoni hataziona vizuri ngazi za kanisa. Zote mbili huchomoka nyuzi, kwa hiyo lazima fundi azipinde ukingo. Neti hukatwa kwa mkasi tu ikatosha. Lesi iishie ukingoni, maana shela likiwa zito, kitana kinacholishikilia nyweleni huteleza. Na neti ya vumbivumbi la kumetameta iache dukani, isije ikahamia kwenye suti ya bwana harusi.

Hatua ya 3: Vipimo. Anza kupimia pale kitana kitakapokaa. Tuseme mbele, kufunika uso, ni sm 75, na nyuma hadi kwenye vidole vya mikono ni sm 110. Jumla ni sm 185, basi nunua mita 2. La kuburuza lingezoa vumbi lote. Ukilitaka sana, lishonewe kipande cha kuvua baada ya ibada. Uliza na upana pia. Neti nyembamba itaungwa katikati, na mshono kwenye neti haufichiki.

Hatua ya 4: Kununua. Ukifika Tunduma, uliza kwanza kama bei ni ya yadi au ya mita. Yadi 3 ni mita 2.74 tu. Kabla hujalipa, kifungue kitambaa chote ukielekeze kwenye mwanga uone kama kina matundu.

Hatua ya 5: Pasi. Hapa ndipo mashela mengi yanapofia. Neti nyingi ni poliesta au nailoni, na huyeyuka. Pasi ya mkaa haina pa kupunguzia moto, tena hudondosha cheche. Litundike shela siku mbili kabla ya harusi, mikunjo mingi itajiachia. Iliyobaki ipige pasi ya umeme yenye moto mdogo, juu yake ukiwa umetandika khanga, na ujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Jihadhari na moto wa kanisani pia: kama kwenye ibada kuna kuwasha mishumaa, msimamizi wa bibi harusi alifunue shela la mbele na kulirudisha nyuma kabla kiberiti hakijawashwa.