MAFUNZO YA SHERIA KWA WATU WOTE
Jinsi ya Kutengeneza Baraza la Bure Kijijini

Wasomaji wetu wa vijijini wajua vema kutengeneza shughuli ya harusi, au matanga, au kazi ya pamoja ya kuchimba kisima. Wajua nani aalikwe, nani apike, na nani ashike daftari la michango. Lakini baraza la kuwafundisha watu sheria ni shughuli ambayo vijiji vingi havijaizoea bado, ingawa faida yake si ndogo. Leo twapenda kueleza kwa nini baraza la namna hii lahitajiwa, na jinsi liwezavyo kutengenezwa vizuri bila fedha nyingi. Maelezo yetu ni ya Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake nyingi za peke yake.

KWA NINI WATU WAFUNDISHWE SHERIA

Sheria humbana mtu hata kama hakuijua. Mtu hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema, "Sikujua," akaachiliwa kwa neno hilo tu. Basi ikiwa kila mtu huhukumiwa kwa sheria, ni haki kila mtu apate njia ya kuijua.

Zamani njia hiyo ilikuwa nyembamba. Mahakama za Mwanzo zilitumia Kiswahili, lakini sheria nyingi zilizotungwa na Bunge ziliandikwa kwa Kiingereza, na katika mahakama za juu hukumu ziliandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, kitabu cha sheria kikiwa kwa Kiswahili kabatini mwa ofisi, hakimsaidii mkulima asiyejua kilichomo. Lazima mtu amsomee na kumweleza.

Tutazame mfano mmoja wa kweli. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba, upande wa Kagera, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wasia. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Ndugu mmoja wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba mauzo hayo ni batili, kwa kuwa desturi ya Wahaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubali madai yake. Shauri likapelekwa Mahakama ya Wilaya, na huko hukumu ile ikageuzwa. Mwisho likafika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua ya kuwa desturi inayomnyima mwanamke haki aliyo nayo mwanamume, kwa sababu ya uanamke wake tu, inapingana na Haki za Binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Mauzo yakasimama.

Shauri hili lafundisha mambo mawili. La kwanza, desturi ina heshima yake, lakini iko chini ya Katiba. La pili, uamuzi wa mahakama ya kwanza si lazima uwe mwisho wa safari. Kama watu wa shauri lile wangalirudi nyumbani baada ya hukumu ya kwanza wakidhani yamekwisha, uamuzi ule usingalipatikana. Na baadaye, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliandika waziwazi kwamba desturi yo yote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi kwa halali haina nguvu. Je, ni wajane wangapi vijijini waliofukuzwa mashambani bila kulisikia neno hilo hata siku moja? Ndiyo sababu ya kuitisha baraza.

MAANA YA NENO "BURE"

Baraza liwe la bure kweli kweli. Mtu asitozwe kitu mlangoni, asiuziwe fomu, wala asiambiwe atoe "chai" ili apewe nafasi ya kuuliza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliofunzwa na kuandikishwa ili kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Msaada huo hautozwi fedha. Msaidizi wa kisheria aweza kumweleza mtu haki zake, kumwelekeza penye ofisi ipasayo, na kuwashauri waliogombana wapatane. Lakini yeye si wakili, wala hawezi kumsemea mtu mahakamani kama wakili.

Neno "bure" lina mpaka wake vile vile, na watu wauelewe. Kufungua madai mahakamani kwaweza kuwa na ada, na kila ada ya halali hutolewa stakabadhi. Lakini dhamana ya polisi haiuzwi. Mtu aambiwaye, "Leta fedha ya dhamana, ndugu yako atoke," kisha asipewe hata karatasi, na ajue ya kuwa amedaiwa kitu kisicho cha halali.

MATENGENEZO KABLA YA SIKU

1. Chagueni kamati ndogo. Watu watano au saba wanatosha, wanawake wakiwamo. Mmoja ashike daftari, mmoja apeleke barua, mmoja aangalie mahali na viti. Kamati ya watu thelathini hugeuka kuwa mkutano wa kila wiki usio na kazi.

2. Toeni habari kwa wenye mamlaka mapema. Mwenyekiti wa kijiji, Mtendaji wa Kijiji na Mtendaji wa Kata wapewe barua yenye siku, saa, mahali na mambo yatakayofundishwa. Hali kadhalika polisi wapewe habari. Baraza lisiwe la chama cho chote cha siasa, wala mtu asipewe nafasi ya kuomba kura.

3. Chagueni siku kwa busara. Msiweke baraza katika wiki za kupanda au za kuvuna. Siku ya mnada yaweza kufaa kwa sababu watu wamekusanyika, lakini iwe mbali kidogo na kelele za soko. Angalieni pia saa: mama aliye na maji ya kuteka na chakula cha kupika hawezi kufika alfajiri, wala hawezi kukaa hadi magharibi. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Januari, Mahakama huwa na Wiki ya Sheria, ambayo hufikia kilele Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari. Wakati huo mahakimu na mawakili hutoka kufundisha watu bure, hivyo ni rahisi kuwaomba wafike kijijini.

4. Ulizeni watu wanataka kujua nini. Jambo hili husahauliwa mara nyingi. Wiki mbili kabla ya baraza, kamati ipite kwa mabalozi, misikitini, makanisani na katika vikundi vya akina mama, ikaandike maswali. Kisha chagueni mambo matatu tu. Anayefundishwa mambo kumi kwa siku moja hurudi nyumbani na mawili, nayo yamechanganyika.

5. Alikeni walimu wanaofaa. Kwa mirathi na rufaa, mwombeni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Kwa ardhi, Afisa Ardhi wa wilaya. Kwa ndoa na matunzo ya watoto, Afisa Ustawi wa Jamii. Kwa mambo ya kukamatwa na dhamana, afisa wa polisi. Msaidizi wa kisheria awepo kwa yote. Kumbukeni ya kuwa hakimu aweza kueleza sheria, lakini hawezi kuzungumza juu ya shauri lililo mbele yake au litakaloweza kufika kwake. Mtu asimshurutishe.

MAMBO YAFAAYO KUFUNDISHWA

Twataja hapa machache yanayowagusa watu wengi wa vijijini.

Juu ya ardhi: Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila mkutano huo kukubali. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake; kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya mwaka 2021, husuluhisha tu wala halitoi hukumu ya ardhi. Likishindwa kupatanisha katika siku 30, mwenye madai aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Juu ya ndoa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua ya kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Walimu wasikome hapo, bali waeleze na nusu ya pili: mama wa shauri lile mwenyewe hakupata gawio jingine, kwa kuwa alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Asikiaye nusu ya hukumu huweza kwenda mahakamani na matumaini yasiyo na msingi.

Juu ya mirathi: msimamizi wa mirathi si mrithi wa mali yote. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, na kugawa kwa wanaostahili. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, hupaswa kupeleka orodha ya mali na hesabu zake katika miezi minne, ila mahakama ikimwongezea muda. Warithi wengi hawajui kwamba wana haki ya kuuliza, nao hunyamaza mpaka ng'ombe wa mwisho auzwe.

Juu ya rufaa: asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Siku hizo zikipita, hana budi kuomba kwanza aongezewe muda na kutoa sababu za kutosha. Wengi hupoteza haki zao hapa. Si kwamba hawakuwa na hoja, bali walikaa nyumbani wakihesabu miezi badala ya siku.

SIKU YA BARAZA YENYEWE

Watu waketi mahali penye kivuli, wazee na wenye ulemavu mbele. Hotuba za kukaribisha ziwe fupi. Kila mwalimu asizidishe nusu saa, kisha maswali yapewe muda huo huo au zaidi, kwa maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwenye kuongoza ahakikishe kwamba wanawake na vijana nao wameuliza, wasije wazee wakamaliza saa zote.

Maneno ya mahakamani yaelezwe kwa lugha nyepesi: mdai ni nani, mdaiwa ni nani, dhamana ni nini, kiapo ni nini. Igizo fupi hufaa sana. Vijana waigize mtu anayeuza shamba bila maandishi wala mashahidi, na wasikilizaji waulizwe, "Amekosea wapi?" Somo la namna hii hukaa moyoni kuliko hotuba ya saa mbili.

Sharti moja lishikwe kwa nguvu: mtu asimtaje jirani yake mbele ya watu. Baraza la mafunzo si mahakama. Mwenye shauri lake mwenyewe apelekwe kwenye meza iliyotengwa kando, mahali pasiposikiwa na wengine, akaongee na msaidizi wa kisheria. Mwanamke apigwaye nyumbani hatasema neno mbele ya shemeji zake. Lakini mezani kando, penye mama mwenziwe wa kumsikiliza, aweza kusema. Watangazieni watu mapema waje na karatasi zao: hukumu, hati, barua za mauziano, cheti cha kifo.

BAADA YA BARAZA

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufa. Mwenye daftari aandike kila swali lililoulizwa, na lile lisilopata jibu liwekewe alama, pamoja na jina la atakayelifuatia na siku ya kuleta jibu. Majibu yabandikwe katika ubao wa ofisi ya kijiji. Waliofika meza ya kando waulizwe baada ya wiki mbili wamefikia wapi, kwa siri ile ile. Hasa wale ambao siku zao 30 zinakwenda.

Gharama zake, kama mlivyoona, si kubwa. Madawati ni ya shule, maji ni ya kijiji, na kivuli ni cha mwembe. Kinachohitajiwa ni watu watano au saba walio tayari kuandika barua na kufuatia majibu. Kijiji kitakachofanya hivyo mara moja kwa mwaka hakitamaliza magomvi yote. Lakini mjane atajua pa kwenda kabla shamba halijauzwa, na aliyeshindwa kesi atajua kuhesabu siku zake. Basi, wazee na vijana, akina mama na akina baba, kaeni pamoja, chagueni kamati yenu, na barua ya kwanza iandikwe wiki hii.