Kufundisha Uwiano kwa Mafuta ya Injini ya Boti

Katika shule za pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, mwalimu hukuta watoto ambao wazee wao huvua kwa boti za injini. Mlangoni mwa Ruvuma, maji ya mto yakutanapo na ya bahari, injini ikizimika boti huchukuliwa na mkondo. Kwa hiyo somo la uwiano lina kazi kubwa kuliko mtihani: laweza kuokoa maisha.

Maarifa ya mwalimu

Injini nyingi ndogo zinazofungwa tezini ni za mipigo miwili. Katika aina iliyo rahisi, oili huchanganywa na petroli, nayo ndiyo inayolainisha pistoni. Oili ikipungua, pistoni hupata joto na kukwama. Ikizidi, plagi huchafuka, moshi huwa mwingi na nguvu hupungua. Kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha injini yenyewe.

Petroli hupimwa kwa oktani, yaani uwezo wake wa kutojiwakia kabla ya wakati. Oktani kubwa haiongezi nguvu yenyewe. Huifaa injini iliyoundwa kwa mgandamizo mkubwa. Mafuta ya taa yana oktani ndogo na hayageuki mvuke upesi. Yakichanganywa na petroli, injini huwaka kwa shida, hugonga na kujaa masizi. Ndiyo sababu EWURA ilianza mwaka 2010 kutia alama katika mafuta, ili udanganyifu huo ugundulike. Ethanoli ina oktani kubwa, lakini lita yake moja ina takriban theluthi mbili tu za nishati ya lita ya petroli. Tena hunyonya maji, jambo baya baharini.

Si kila kiongezi ni cha heri. Mwaka 1921 iligunduliwa huko Marekani kwamba kiongezi chenye madini ya risasi huzuia injini kugonga. Kiliifaa injini, kikadhuru ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006.

Hatua za somo

1. Tuwaulize wanafunzi: kwa nini injini hutoa moshi mwingi? Tusikilize kwanza, tusisahihishe upesi.

2. Tutumie maji badala ya petroli, na chai ya rangi badala ya oili. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 1 ya maji hutiwa mililita 20 za chai, yaani vijiko vidogo 4 vya mililita 5.

3. Wakokotoe: lita 5 zahitaji mililita 100, lita 20 zahitaji mililita 400. Kisha warudie kwa uwiano wa 25 kwa 1.

4. Tuangalie kosa la kawaida. Katika 50 kwa 1, oili ni sehemu 1 ya 51 za mchanganyiko wote, si ya 50.

Tahadhari

Petroli isiingie darasani kamwe, hata kidogo. Mvuke wake huwaka kwa cheche moja.

Tathmini

Mwanafunzi aeleze kwa maneno yake kwa nini kukisia kwa jicho hakufai. Akiweza kumweleza mzee wake nyumbani, tutajua kwamba somo limefika.